Operesheni ya Pili Baada ya Ile ya Kupunguza Uzito: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kutia Sahihi

Leo tunazungumza na mama aliyefanyiwa operesheni ya tumbo ili apunguze uzito, kisha mambo yakaenda mrama. Pengine anatapika kila anapokula. Pengine kiungulia hakimpi usingizi. Pengine tumbo linamkata, au kilo alizopunguza zimerudi. Sasa ameambiwa kwamba inafaa apasuliwe tena. Je, akubali, akatae au asubiri? Tunazungumza pia nawe mlezi, unayemtunza dada, binti au mama aliye katika hali hiyo.

Kabla ya yote, tuondoe aibu. Wako watu wanaomwambia mgonjwa wa namna hii, "Ulijitakia mwenyewe. Kwani hukuweza kupunguza chapati?" Maneno kama hayo humfanya mama anyamaze na maumivu yake hadi azidiwe. Unene wa kupita kiasi ni ugonjwa, na ni jirani wa kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mwanamke 1 kati ya kila 3 wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliozidi. Aliyetafuta tiba hakufanya kosa. Na tiba ikileta matatizo, mgonjwa anastahili kuhudumiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa tuelewe kwanza operesheni zenyewe, maana tatizo hutegemea aina ya operesheni uliyofanyiwa. Tatu ndizo zinazojulikana zaidi.

Ya kwanza ni bendi. Daktari hufunga mshipi wa silikoni sehemu ya juu ya tumbo la chakula, na mshipi huo hukazwa au kulegezwa kwa kuongeza au kupunguza maji kupitia kifuko kidogo kilicho chini ya ngozi. Bendi iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 na ikapendwa sana, lakini siku hizi haiwekwi kwa wingi kwa sababu wengi waliowekewa walihitaji kuondolewa baadaye.

Ya pili ni ile ya kukata sehemu kubwa ya tumbo na kubakisha mfereji mwembamba kama ndizi. Madaktari huiita sleeve. Karibu robo tatu au zaidi ya tumbo huondolewa, na sehemu iliyoondolewa hairudishwi tena.

Ya tatu ni ile ya kupitisha chakula njia ya mkato, inayoitwa bypass. Tumbo hugawanywa, kikabaki kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, kisha utumbo mwembamba huunganishwa na kifuko hicho. Mwanzo wa operesheni hii ni mwaka 1966, huko Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kwa kazi ya Dkt. Edward Mason na Dkt. Chikashi Ito. Imebadilishwa mara kadhaa tangu wakati huo.

Tafadhali usichanganye hizi na kunyonywa mafuta chini ya ngozi. Hiyo ni kazi nyingine kabisa na haigusi tumbo la chakula.

Jambo kubwa tunalotaka ulishike leo ni hili: operesheni ya pili ina hatari zaidi kuliko ya kwanza. Ndani mna makovu. Matumbo huenda yamegandana. Sehemu iliyokwisha kukatwa na kushonwa haiponi kwa urahisi kama sehemu mpya. Isitoshe, mgonjwa mwenyewe mara nyingi amedhoofika. Kwa hiyo kuvuja, kutoka damu na kupata usaha tumboni hutokea zaidi safari hii. Haina maana kwamba usikubali kamwe. Wako akina mama waliookolewa maisha na operesheni ya pili. Maana yake ni kwamba usikubali mpaka ujue inatibu nini. Tutakupa maswali matano ya kujiuliza.

Swali la kwanza: Je, hii ni dharura?

Ikiwa ni dharura, usikae nyumbani ukipima mambo. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Dalili zenyewe ni hizi. Katika siku na wiki za mwanzo baada ya operesheni: moyo kwenda mbio hata ukiwa umelala, hasa ukifika mapigo 120 kwa dakika, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega la kushoto, au kukosa pumzi. Hizo huenda zikawa dalili za tumbo kuvuja pale lilipokatwa. Kukosa pumzi pamoja na mguu mmoja kuvimba na kuuma huenda ikawa damu iliyoganda.

Wakati wowote, hata baada ya miaka: kutapika damu, kwenda choo cheusi kama lami, kushindwa kumeza hata maji, au tumbo kukata kwa nguvu. Kwa mama aliyefanyiwa bypass, maumivu makali yanayokuja na kuondoka, mara nyingi baada ya kula, yanaweza kuwa ngiri ya ndani. Utumbo huteleza katika nafasi iliyoachwa na operesheni ukabanwa. Ukibanwa kwa muda mrefu hukosa damu na kufa. Picha ya hospitali wakati mwingine huonyesha kwamba kila kitu ni shwari ilhali utumbo umebanwa, na ndiyo sababu daktari anaweza kuamua kuchungulia ndani kwa kamera. Hapo kuchelewa ndiko hatari, na operesheni ya pili ndiyo tiba.

Ipo dharura nyingine isiyojulikana sana. Mama anayetapika kwa wiki mbili au tatu mfululizo humaliza vitamini B1 mwilini. Akianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba akitembea kama mlevi, au kuchanganyikiwa, ubongo umo hatarini. Mlezi, kumbuka hili vizuri: mwambie mhudumu wa afya kwamba mgonjwa alifanyiwa operesheni ya kupunguza uzito na ametapika kwa muda mrefu, na uulize juu ya vitamini B1 kabla hajawekewa dripu ya sukari. Sukari ikitangulia bila vitamini hiyo inaweza kuzidisha madhara. Daktari wa zamu ambaye hajui historia ya mgonjwa hawezi kukisia. Kwa hiyo andika kwenye karatasi aina ya operesheni, tarehe na hospitali, uiweke pamoja na kitambulisho.

Swali la pili: Tatizo linaitwaje, na ni kipimo gani kimelionyesha?

Kama si dharura, una muda. Usikubali kupasuliwa kwa sababu ya neno "tumbo limeharibika" peke yake. Zipo njia za kuangalia: kamera inayoteremshwa kooni; picha ya eksrei inayopigwa huku ukinywa dawa nyeupe; skani ya CT; picha ya ultrasound ya mfuko wa nyongo; na vipimo vya damu. Kumbuka kwamba mtu anayepungua uzito haraka hupata mawe kwenye mfuko wa nyongo kwa urahisi. Hivyo maumivu ya upande wa kulia, chini ya mbavu, yanaweza kuwa ya nyongo wala si ya operesheni ya kwanza.

Dai pia karatasi za operesheni ya kwanza, yaani maelezo ya jinsi ilivyofanywa na barua ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kama ulifanyiwa nje ya nchi, waandikie waliokufanyia wakutumie. Daktari anayeingia mara ya pili bila kujua mwenzake aliacha nini ndani ni kama fundi anayebomoa ukuta bila kujua nyaya za umeme zimepita wapi.

Swali la tatu: Je, kuna njia isiyo ya kisu?

Mara nyingi ipo, na hapa ndipo akina mama wengi hawajapewa habari. Tuchukue matatizo moja moja.

Mwenye bendi anayetapika, hatua ya kwanza huwa ni kutoa maji ili bendi ilegee. Kama imeteleza na haikurudi mahali pake, au imetoboa na kuingia ndani ya tumbo, hapo haina budi kuondolewa. Kugeuza bendi kuwa operesheni nyingine si lazima kufanywe siku hiyo hiyo. Penye kidonda, madaktari wengi husubiri miezi kadhaa tumbo lipone kwanza.

Mwenye sleeve aliyepata mahali palipobana, anaweza kupanuliwa kwa kiputo kinachopitishwa kwa kamera kupitia mdomoni. Tumbo lililovuja wakati mwingine hutibiwa kwa kuondoa usaha kwa mrija, antibiotiki, na kulishwa kwa njia nyingine hadi lipone. Mwenye kiungulia huanza kwa dawa za kupunguza asidi, kula kidogo kidogo, kutolala mara tu baada ya kula, na kuinua upande wa kichwa wa kitanda. Kiungulia kikikataa dawa zote, au kamera ikionyesha koo la chakula limechubuka vibaya, hapo kugeuzwa kuwa bypass ni jambo la maana. Lakini kukata sleeve tena iwe nyembamba zaidi hakuponyi kiungulia. Ukiambiwa hivyo, uliza mara mbili.

Mwenye bypass aliyepata kidonda penye maungio, vingi vya vidonda hivyo hupona bila kisu ikiwa chanzo chake kitaondolewa. Chanzo ni nini? Sigara ni kimojawapo. Dawa za maumivu kama Brufen, diklofenaki na aspirini ni cha pili. Hizo tunazinunua kwa kemisti kama peremende, tukiumwa mgongo au tukiwa mwezini. Mama wa bypass asizitumie bila ruhusa ya daktari wake. Panadol ni salama zaidi kwa tumbo lake. Chanzo cha tatu ni vijidudu vya vidonda vya tumbo, ambavyo hupimwa na kutibiwa. Ukipasuliwa kidonda kikakatwa, kisha ukarudi kwenye Brufen, kidonda kitarudi vilevile.

Kuna anayetoka jasho, moyo ukimwenda mbio na kuharisha baada ya chai yenye sukari nyingi na mandazi. Huyo mara nyingi amepatwa na chakula chenye sukari kinachoteremka kwenye utumbo kwa haraka mno. Dawa yake ya kwanza ni sahani: punguza sukari na soda, anza na mayai, ndengu, maharagwe, samaki au omena, kula kidogo mara nyingi, na usinywe maji wakati ule ule wa kula.

Na uzito uliorudi je? Kurudi kwa kilo chache baada ya miaka miwili hivi ni jambo la kawaida, si ishara kwamba operesheni imeshindwa. Zikirudi nyingi, chunguza kwanza: Je, maungio yamepanuka? Je, kuna dawa unazotumia zinazonenepesha? Je, kuna huzuni, kukosa usingizi, au vinywaji vitamu siku nzima? Siku hizi zipo pia dawa za sindano. Marekani iliidhinisha semaglutaidi kwa kupunguza uzito mwaka 2021 na tirzepataidi mwaka 2023. Ni ghali, zina madhara yake kama kichefuchefu, hazifai kwa mjamzito, na hutolewa na daktari, si na muuzaji wa mtandaoni. Lakini kwa uzito uliorudi peke yake, bila tatizo jingine la tumbo, ni vyema kuzizungumzia kabla ya kisu.

Swali la nne: Je, mwili uko tayari?

Mama aliyetapika miezi mitatu, damu imepungua, nywele zinang'oka na miguu imevimba, jeraha lake haliponi vizuri. Mara nyingi kusubiri wiki kadhaa huku akilishwa vizuri ni sehemu ya tiba yenyewe. Wengine huhitaji kulishwa kwa mrija au kupitia mshipa hospitalini. Pimwa damu, madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D na protini. Kama una kisukari, sukari iwe imetulia. Kama wavuta sigara, acha wiki kadhaa kabla ya operesheni wala usiirudie. Na vidonge vya vitamini ulivyoambiwa umeze maisha yako yote, ni maisha yote kweli, hata kama wajisikia mzima.

Uliza pia juu ya ujauzito. Mwanamke aliyepungua uzito hushika mimba kwa urahisi kuliko zamani. Hushauriwa kungoja miezi 12 hadi 18 baada ya operesheni kabla ya kubeba mimba. Vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi sawasawa kwa mwenye bypass au anayetapika, basi zungumza na muuguzi juu ya koili au kipandikizi. Ikiwa tayari una mimba na ulifanyiwa bypass, maumivu makali ya tumbo yasichukuliwe tu kuwa ya mimba. Mwambie mkunga historia yako siku ya kwanza ya kliniki, na iandikwe kwenye kitabu chako.

Swali la tano: Ni nani atakayenipasua, wapi, na ni nani atakayenitunza baadaye?

Muulize daktari bila kuogopa: "Daktari, operesheni ya kurudia kama hii umeifanya mara ngapi? Wagonjwa wako waliendeleaje? Hospitali hii ina chumba cha wagonjwa mahututi? Nikizidiwa usiku, nampigia nani simu?" Daktari mwema hakasiriki kwa maswali haya. Hakikisha ameandikishwa na Baraza la Madaktari la Kenya, KMPDC. Kama unafikiria kusafiri nje ya nchi kwa sababu ya bei, uliza ni nani hapa nyumbani atakayekufuatilia ukirudi, maana tatizo halichagui siku ambayo ungali kule.

Uliza pia gharama yote, pamoja na gharama ikitokea shida na ukakaa mwezi mzima wodini. Uliza bima yako, na uliza Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, italipa nini na haitalipa nini. Pata jibu hilo kabla familia haijauza ng'ombe au kipande cha shamba.

Msikilizaji, maswali haya ni haki yako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama, kwa lugha anayoielewa, na aelezwe pia kwamba anaweza kukataa. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unakuruhusu kutafuta maoni ya daktari wa pili. Na Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Sasa tuchukue mfano tuone maswali haya yanavyofanya kazi. Tuseme kuna mama wa watoto watatu, aliyefanyiwa sleeve miaka minne iliyopita. Usiku asidi humpanda hadi kooni, na amekuwa akinywa omeprazoli kwa mwaka mzima. Daktari anapendekeza bypass. Si dharura. Kamera inaonyesha koo la chakula limechubuka vibaya. Dawa na kubadili chakula vimejaribiwa vikashindwa. Damu yake iko sawa. Daktari ameifanya kazi hiyo mara nyingi, na dada yake atakaa na watoto kwa mwezi mmoja. Mama huyu ana sababu nzuri ya kukubali.

Tuseme jirani yake naye alifanyiwa sleeve hiyo hiyo, uzito umerudi kilo 8, hana maumivu, hajapimwa chochote, na ameambiwa aje Jumatatu na pesa taslimu. Huyu ana sababu nzuri ya kusema, "Daktari, nipe muda." Operesheni inayopendekezwa ni moja, lakini majibu yao si sawa.

Neno la mwisho ni kwako mlezi. Mgonjwa aliyechoka kutapika anaweza kukubali lolote ilimradi maumivu yaishe, na mwingine aliyeogopa anaweza kukataa hata kinachomwokoa. Usimwamulie, wala usimwache aamue peke yake. Fuatana naye kwa daktari. Beba kalamu na karatasi. Andika majibu, myasome tena mkiwa nyumbani mmetulia. Jambo msiloelewa, rudini mkaulize kabla hajatia sahihi.

Kumbuka basi: dalili za hatari, hospitali mara moja. Kama si dharura, jua jina la tatizo, jaribu njia isiyo ya kisu, jenga mwili, kisha chagua daktari na uhesabu gharama. Ukipata majibu ya maswali yote matano, uwe umekubali au umekataa, uamuzi utakuwa wako kweli.

Mweleze na jirani uliyoyasikia leo.